Kuzunguka pwani ya kaskazini ya Uskoti kwa gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka majira ya joto yanapokaribia, ndugu na marafiki waliopo Uingereza, na wale wanaopanga kuja kutoka nyumbani, huuliza mambo yaleyale kuhusu mzunguko wa North Coast 500. Majibu yamepangwa kuanzia ya msingi hadi ya mambo yanayotokea mara chache. Kama una haraka, soma angalau sehemu ya barabara, maana ndiyo inayowaharibia wengi safari.

## Mambo ya msingi

North Coast 500 ni nini hasa?

Ni mzunguko wa barabara wa maili 516, yaani kama kilomita 830, unaoanza na kuishia kwenye ngome ya Inverness, mji mkuu wa nyanda za juu za Uskoti. Barabara zenyewe ni za miaka mingi. Kilichozinduliwa mwaka 2015 ni jina na matangazo ya kitalii, na tangu hapo wageni wameongezeka sana.

Ukitoka Inverness unavuka nchi kwenda pwani ya magharibi: Applecross, Torridon, Gairloch, Ullapool, Lochinver na Kylesku. Kisha unafika Durness, kwenye kona ya kaskazini-magharibi, unafuata pwani ya kaskazini kupitia Tongue, Bettyhill na Thurso hadi John o' Groats, halafu unashuka upande wa mashariki kupitia Wick, Golspie na Dornoch hadi ulikoanzia. Hakuna geti wala tiketi. Ni barabara za umma, na wenyeji wanazitumia kwenda kazini, shuleni na hospitalini. Hilo likikukaa kichwani, sehemu kubwa ya ushauri ulioko hapa chini utaielewa yenyewe.

Zinahitajika siku ngapi?

Siku saba ni kiasi cha chini ninachoweza kumshauri mtu. Siku kumi ndiyo safari yenyewe. Wapo wanaomaliza kwa siku tatu, lakini hao wanaona lami na mgongo wa gari la mbele. Usipige hesabu ya kilomita 830 kama unavyopiga ya barabara kuu. Upande wa magharibi na kaskazini, panga mwendo wa kilomita 40 hadi 50 kwa saa, na bado utasimama kila mara kwa sababu ya kondoo, picha na magari ya kupishana.

Sina siku saba. Nikate wapi?

Kata mashariki. Kwa siku nne, toka Inverness moja kwa moja hadi Ullapool, kama kilomita 92 za barabara nzuri, kaa siku mbili katika eneo la Assynt, panda hadi Durness, kisha rudi Inverness kwa kukatisha katikati kupitia Lairg. Kwa maoni yangu Assynt ndiyo moyo wa safari hii. Milima yake haijaungana. Kila mmoja umesimama peke yake juu ya nchi tambarare yenye vijiziwa vingi, na Suilven, wenye mita 731 tu, unaonekana mkubwa kuliko milima mingi inayouzidi kimo.

Twende mwezi gani?

Mei na Juni. Mvua huwa kidogo kuliko miezi inayofuata, usubi haujazidi, na shule za Uskoti zinafungwa mwishoni mwa Juni, kwa hiyo kabla ya hapo barabara ina nafasi. Julai na nusu ya kwanza ya Agosti ndipo watu hufurika na vyumba huwa ghali. Septemba mwanzoni pia ni nzuri, ila ndege wengi wa baharini watakuwa wameshaondoka.

Kuna joto kweli?

Mchana wa Julai kwenye pwani ya kaskazini ni nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi, na upepo wa bahari unazishusha zaidi. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa abebe sweta, koti la mvua lenye kofia, na viatu vilivyofungwa. Ndala ni za ndani ya nyumba. Mvua na jua vinaweza kupokezana mara tano kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo koti likae kiti cha nyuma, lisizikwe kwenye buti chini ya masanduku.

Ni kweli usiku hauingii?

Unaingia kidogo. Katikati ya Juni jua la Thurso huchomoza saa kumi na dakika chache alfajiri na kuzama karibu saa nne na nusu usiku. Hata likishazama, mwanga mwembamba hubaki upande wa kaskazini usiku kucha. Kwa dereva ni neema, maana hakuna sababu ya kukimbilia kufika kabla ya giza. Kwa mwenye watoto, beba kitambaa kizito cha kuziba dirisha, la sivyo wataamka na jua. Kuhusu saa za sala, tazama sehemu ya chakula na ibada.

## Karatasi na gari

Nahitaji viza ya Uskoti?

Uskoti haina viza yake. Ni sehemu ya Uingereza, na viza ya Uingereza inatosha. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya mgeni, ambayo kwa kawaida inaruhusu kukaa hadi miezi sita. Raia wa Oman na nchi jirani za Ghuba huomba kibali cha kielektroniki kabla ya kusafiri. Viza ya Schengen haifanyi kazi hapa, hata kama ina muhuri wa Ujerumani au Ufaransa. Hili linarudiwa kuulizwa kuliko mengine yote, na wapo waliokata tiketi kabla ya kuuliza.

Leseni yangu ya nyumbani itakubalika?

Mgeni anaweza kuendesha gari dogo kwa leseni halali ya nchi yake kwa miezi 12 tangu aingie. Aliyehamia kuishi naye ana miezi 12 hiyohiyo, kisha lazima awe na leseni ya Uingereza. Hiyo ni sheria ya nchi. Kampuni za kukodisha magari zina masharti yake juu ya hapo: nyingi hudai dereva awe amefikisha miaka 23 au 25, awe na leseni kwa muda fulani, na wakati mwingine awe na kibali cha kimataifa cha kuendeshea. Waandikie barua pepe, pata jibu kwa maandishi, na uje nalo.

Tunaendesha upande gani?

Kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Anayetoka Rwanda, Burundi au Kongo ajipe siku moja ya kuzoea katika barabara pana karibu na Inverness kabla ya kuingia milimani. Vibao vyote ni vya maili: 30 ni kama kilomita 48 kwa saa, na 60 ni kama 97. Vijiji vingi sasa vina kikomo cha maili 20.

Gari la kawaida au gari la kulala?

Gari dogo la kawaida, na kulala kwenye gesti au hema. Najua gari la kulala linavutia: jiko, kitanda na uhuru. Lakini katika barabara hizi upana wake unakuwa mzigo kila kona, na ndilo linalowachosha wenyeji kuliko jingine lolote. Ukiamua kulichukua, chukua fupi na jembamba, jifunze kulirudisha nyuma kwa kutumia vioo kabla ya kutoka Inverness, na fahamu kwamba kuna barabara mbili usizopaswa kuingia nalo. Zimeelezwa chini.

Mwenye leseni ya gari la otomatiki aagize mapema. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono, na ya otomatiki huisha kwanza.

Gari la umeme litafika?

Litafika. Vituo vya kuchajia vipo katika vijiji vingi vya mzunguko huu. Tatizo ni kwamba kijiji kinaweza kuwa na mashine moja au mbili tu, na kuna mtu mbele yako. Chaji ukifika nusu, usingoje ishuke.

## Barabara zenyewe

Barabara ya upana wa gari moja inaendeshwaje?

Sehemu kubwa ya magharibi na kaskazini ina barabara ya kupita gari moja tu, inayotumiwa na magari ya pande zote mbili. Kila baada ya umbali mfupi kuna sehemu ya kupishana, imetanuliwa kidogo na kuwekewa kibao cheupe. Ustadi wote ni kutazama mbali. Usitazame lami iliyo mbele ya boneti. Tazama kilima cha tatu mbele, uone kama kuna gari linakuja, na uhesabu nani atafika kwanza kwenye kibao.

Kama sehemu ya kupishana iko kushoto kwako, ingia na usimame. Kama iko kulia, usivuke kwenda kuingia. Simama kwenye barabara ukiwa umeielekea, ili gari linalokuja lizunguke kupitia humo. Anayepanda mlima apewe nafasi kama inawezekana, hasa lori na basi. Mkikutana katikati, aliye karibu na kibao ndiye anayepiga rivasi. Halafu inua mkono kushukuru. Vidole viwili vitatu juu ya usukani vinatosha, ila visikosekane: ndiyo salamu ya barabara hizi, na asiyeitoa anaonekana kama mtu aliyepita kibarazani kwa watu bila kusema hodi.

Kuna jambo wageni wengi hawaambiwi. Sehemu hizo si za kupishana na anayekuja tu. Ni pia za kumpisha aliye nyuma yako. Ukiona gari limekufuata kwa dakika moja, ingia kushoto lipite. Wewe uko likizo, na yule huenda ni nesi wa wilaya aliyechelewa zamu, au baba anayemuwahi mtoto shuleni.

Naweza kusimama kwenye sehemu ya kupishana nipige picha?

Hapana. Hata dakika moja. Gari moja likiegeshwa hapo, linavunja mnyororo mzima, na mara unakuta magari sita yanarudi nyuma kwa pamoja kwenye ukingo wa ziwa. Ambulensi nayo hupita barabara hiyohiyo. Maegesho yana alama yake, na kwa kawaida hayako mbali.

Bealach na Bà inatisha kama wanavyosema?

Ni barabara ya kweli ya milimani. Inaanzia usawa wa bahari na kupanda hadi mita 626, ikiwa na kona za kujikunja mwishoni ambapo mteremko unakaribia asilimia 20. Zamani ilikuwa njia ya kuswagia ng'ombe kutoka rasi ya Applecross. Kibao kilicho chini kinasema wazi kwamba si ya dereva mwanafunzi, gari kubwa sana wala karavani. Kiheshimu.

Kwa gari dogo na dereva mtulivu, siku isiyo na ukungu, inapitika vizuri. Panda asubuhi mapema au jioni. Tumia gia ya pili, usikanyage breki muda wote ukishuka. Ukifika juu, simama kwenye maegesho, na kama anga ni safi utaona kisiwa cha Skye chote kimelala mbele yako. Asiyetaka kupanda afike Applecross kwa barabara ya pwani kutokea Shieldaig. Ni ndefu na nyembamba pia, lakini haina mteremko wa namna hiyo.

Barabara ya pili ya kuwa nayo macho ni B869, inayopitia Drumbeg kati ya Lochinver na Kylesku. Mandhari yake ni ya ajabu, ila ina vilima vya mteremko wa asilimia 25 na kona zisizoonyesha mbele. Gari la kulala na karavani zipite njia kuu ya kando ya ziwa la Loch Assynt, ambako pia utaliona gofu la ngome ya Ardvreck likiwa limeingia majini.

Mimi ni dereva mzoefu wa Nairobi. Kuna lolote la kunishinda?

Uzoefu utakusaidia, haraka itakuangusha. Mwaka 1969 John Lennon, mwanamuziki wa kundi la Beatles, ambaye tangu utoto alikuwa akija Durness kwa likizo, aliingiza gari mtaroni huku akiwa na mkewe Yoko Ono na watoto wao, wakaishia hospitali ya Golspie. Alikuwa anaijua sehemu hiyo. Barabara hizi zinataka mtu asiyeona aibu kurudi nyuma mita mia moja kumpisha mwenzake.

Mafuta yanapatikana?

Yanapatikana, lakini sheli ziko mbalimbali, bei yake ni juu, na baadhi hufungwa jioni na Jumapili. Nyingine ni za kujihudumia kwa kadi. Ya Applecross inaendeshwa na wanakijiji wenyewe. Kanuni yangu ni kujaza tanki likifika nusu, hasa Ullapool kabla ya kupanda kaskazini, na Durness kabla ya kwenda Thurso.

Bia moja wakati wa chakula cha jioni ina shida?

Kama utaendesha, acha kabisa. Tangu Desemba 2014 kikomo cha Uskoti ni miligramu 50 za pombe katika mililita 100 za damu, wakati Uingereza kusini ya mpaka ni 80. Glasi moja inaweza kukupitisha. Na wanaoonja wiski kwenye viwanda vyake waulize chupa ndogo ya dereva ya kuondoka nayo. Wengi huwa nayo.

## Kulala

Lazima nibuki mapema?

Kwa Juni hadi Agosti, ndiyo, miezi kadhaa kabla. Vijiji ni vidogo. Kijiji chenye gesti tatu kikijaa kimejaa, na kijiji kinachofuata kiko mwendo wa saa moja. Kaa mausiku mawili mahali pamoja unapoweza. Utapunguza kufungua na kufunga masanduku, na pesa yako itaingia kwenye duka, mgahawa na gesti ya hapo badala ya kuishia kwenye tanki la mafuta.

Nimesikia Uskoti unaruhusiwa kupiga hema popote. Je, hata kwa gari?

Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa mtu haki ya kutembea na kupiga hema kwenye ardhi nyingi isiyozungushiwa, mradi anafanya hivyo kwa uangalifu, watu wachache, siku chache, mbali na nyumba na barabara, na bila kuacha alama. Haki hiyo haihusu magari. Gari la kulala halina ruhusa ya kisheria kuegeshwa usiku popote linapopenda. Tumia kambi zilizopo, au maegesho ambayo wenyewe wameandika kuwa yanaruhusu kulala, mengine kwa ada ndogo.

Na maji ya choo cha gari yamwagwe kwenye mahali maalumu tu. Nasema kwa uzito: kumekuwa na watu wanaoyamwaga mitaroni na kwenye vijito, na vijito hivyo vinaingia kwenye maji ya watu na mifugo.

Tuwashe moto wa kuota?

Bora msiwashe. Udongo wa huku mahali pengi ni mboji, yaani mimea iliyorundikana kwa maelfu ya miaka, na wenyewe unaweza kushika moto ukawaka chini kwa chini.

## Chakula na ibada

Tutakula nini?

Samaki na viumbe wa bahari: kaa, kome, kamba wakubwa wanaovuliwa hapohapo, na samoni wa kuvutwa moshi. Ullapool na Lochinver bado ni bandari za uvuvi. Mikahawa hufunga jikoni mapema, mara nyingi saa mbili usiku, kwa hiyo anayezoea kula saa nne awe na akiba ndani ya gari. Kandokando ya barabara utakuta visanduku vya mayai au keki bila muuzaji: unachukua, unaweka pesa kwenye kopo. Weka sarafu za pauni kwa ajili hiyo. Noti za benki za Uskoti ni pauni halali, ingawa ukirudi kusini baadhi ya maduka hugoma kuzipokea.

Nyama ya halali ipo?

Inverness ndipo pa kununua. Ukishaingia magharibi usitegemee, na nunua ya kukutosha ukiwa na kiboksi cha barafu. Nje ya hapo samaki na mboga havikosekani.

Na saa za sala?

Inverness kuna msikiti. Stornoway, kwenye kisiwa cha Lewis, ulifunguliwa mwingine mwaka 2018, na feri yake inatokea Ullapool kama ungependa kuutembelea. Katikati ya Juni Isha na Alfajiri hukaribiana sana, kwa sababu wekundu wa anga hauishi kabisa. Fuata ratiba ya msikiti wa Inverness au umuulize shehe wako kabla ya safari. Ukiwa msafiri, kukusanya na kupunguza sala kunarahisisha. Kibla kiko kusini-mashariki.

Upande wa Wakristo, Jumapili bado ni siku nzito katika vijiji vya magharibi. Maduka mengine hufungwa siku nzima. Kanisani unakaribishwa, na baada ya ibada mara nyingi kuna chai.

## Mambo ya kuona, na yaliyo nyuma yake

Fukwe ni za kuogelea?

Ni za kutazama, na za kuogelea kwa wenye moyo. Achmelvich, Clachtoll na Balnakeil zina mchanga mweupe wa makombe yaliyosagika na maji ya rangi ya feruzi. Picha yake ukimtumia mtu wa Paje anaweza kudhani ni kwao. Maji hayo ni nyuzi 12 hadi 14. Wengi wanaogelea wakiwa na nguo za mpira, nawe vaa.

Kwa anayeweza kutembea, Sandwood Bay haina barabara. Unaacha gari Blairmore na kutembea kama kilomita 6.5 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ukitokeza juu ya vichuguu vya mchanga unaona ufuo mrefu na nguzo ya jiwe imesimama peke yake baharini.

John o' Groats ndiyo ncha ya kaskazini?

Hapana, ingawa kibao chake hupigwa picha na kila mtu. Ncha ya kaskazini ya Uingereza bara ni Dunnet Head, mwendo mfupi kuelekea magharibi, penye mnara wa taa na maegesho juu kabisa. Karibu na John o' Groats, nenda hadi Duncansby, utembee dakika chache kwenye majani, uone miamba iliyochongoka ikitoka baharini. Hapo na Dunnet Head unaweza kumwona pafini, yule ndege mnene mwenye mdomo wa rangi nyingi, hadi mwisho wa Julai. Agosti wengi wao wako baharini.

Mbona nchi yote hii haina watu?

Swali hili huulizwa na karibu kila Mwafrika anayefika, na ni zuri, kwa sababu Waingereza wengi wanaona utupu huu kama maumbile. Sivyo. Mabonde haya yalikuwa na watu. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19 wamiliki wa ardhi waliwafukuza wakulima ili kufuga kondoo, waliokuwa na faida kubwa zaidi. Strathnaver, bonde linaloshukia Bettyhill, lilisafishwa hasa mwaka 1814 na 1819, nyumba zikichomwa moto. Wakala wa familia ya Sutherland iliyomiliki ardhi hiyo, Patrick Sellar, alishtakiwa Inverness mwaka 1816 na kuachiwa huru. Waliofukuzwa waliwekwa kwenye vipande vya mawe kando ya bahari, wakaambiwa wawe wavuvi, au wakapanda meli kwenda Kanada.

Ingia kwenye jumba la makumbusho la Bettyhill, lililo ndani ya kanisa la zamani. Kisha, upande wa mashariki, simama Badbea, kijiji cha waliofukuzwa, juu ya magenge karibu na Berriedale. Wakazi wake walifunga watoto na mifugo kwa kamba wasipeperushwe na upepo hadi baharini. Ukiendelea kusini utaona ngome ya Dunrobin, yenye vyumba 189, makao ya hao hao wa Sutherland, na juu ya mlima wa nyuma sanamu kubwa ya duke wa kwanza. Viangalie vyote viwili siku moja.

Ukiweza kutoka nje ya njia, panda bonde la Strathcarron kutokea Ardgay hadi kanisa dogo la Croick. Mwaka 1845 watu wa Glencalvie waliofukuzwa walijihifadhi uani mwake, na baadhi walikwaruza maneno kwenye vioo vya dirisha kwa nje. Inabidi usogeze uso karibu na kioo na uinamie mwanga ndipo herufi zitokee, nyembamba, zimeelekea huku na kule. Mmoja wao aliandika kwamba watu wa Glencalvie ni kizazi kiovu. Walikuwa wameambiwa yanayowapata ni adhabu ya dhambi zao, na kuna aliyeamini.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1993 wakulima wadogo wa Assynt walichanga na kununua ardhi waliyokuwa wakiishi kama wapangaji, na tangu hapo jamii nyingine za Uskoti zimefuata njia hiyo. Ukipita kaskazini ya Lochinver, uko kwenye ardhi yao.

Whaligoe inafaa kusimama?

Sana, hasa kwa watu wa pwani. Ni ngazi za mawe zaidi ya 330 zinazoshuka ukuta wa genge hadi bandari ndogo, kusini ya Wick. Wanawake walipandisha hizo ngazi na vikapu vya samaki aina ya hering, kisha wakatembea navyo hadi Wick kuuza. Ngazi zikilowa huteleza.

Mama yangu hawezi kutembea sana. Ataona nini?

Mengi. Kilele cha Bealach na Bà, Dunnet Head, daraja la Kylesku la mwaka 1984 na Loch Assynt vyote vinaonekana kutoka maegeshoni au hatua chache. Bustani ya Inverewe ina njia nzuri. Pango la Smoo huko Durness, ambalo mdomo wake una upana wa kama mita 40, ni bure lakini lina ngazi nyingi. Anaweza kulitazama kutoka juu. Akisumbuliwa na kichefuchefu cha kona, akae mbele, nanyi mtoke asubuhi barabara ikiwa tupu.

## Mambo ya mara chache

Usubi ni hatari?

Hauna malaria wala ugonjwa mwingine wa kumwambukiza binadamu, lakini unang'ata kwa maelfu. Hutokea Mei hadi Septemba, jioni na alfajiri zisizo na upepo, kwenye majimaji na vichaka. Upepo ukizidi kama kilomita 11 kwa saa hauruki, kwa hiyo piga hema mahali panapopuliza. Beba dawa ya kujipaka na chandarua cha kichwa. Cha kuogopa zaidi ni kupe, anayeweza kuleta ugonjwa wa Lyme: kagua miguu na makwapa kila jioni, hasa ya watoto.

Tutaona taa za kaskazini?

Si majira ya joto. Anga haliwi jeusi vya kutosha.

Simu itashika?

Kwa vipande. Pakua ramani za kutumika bila intaneti, na andika anwani za gesti kwenye karatasi. Dharura ni 999 au 112. Hospitali kubwa iko Inverness na nyingine Wick, kwa hiyo ukiwa Durness uko mbali, na bima ya matibabu si ya kuruka.

Watoto wanahitaji viti maalumu?

Ndiyo, hadi wafikishe miaka 12 au sentimita 135, kinachotangulia. Agiza pamoja na gari.

Waafrika tunapokelewaje?

Kwa ninavyojua, vizuri, na kwa udadisi. Katika kijiji kidogo huenda mkawa Waafrika pekee siku hiyo. Mtaulizwa mmetoka wapi, na mara nyingi ni mwanzo wa maongezi marefu. Salimu kwanza, jitambulishe. Watu wa huku wana muda.

Nimegonga kondoo. Nifanye nini?

Simama. Washa taa za tahadhari. Sheria inakutaka usimame na umpe mwenye mnyama jina na anwani yako, au uripoti polisi haraka iwezekanavyo na ndani ya saa 24. Hii inahusu kondoo, ng'ombe, mbuzi, farasi, punda, nguruwe na mbwa. Kama hakuna dharura, piga 101. Uliza nyumba ya karibu. Alama ya rangi mgongoni mwa kondoo itamwonyesha mkulima ni wa nani. Kwa kulungu hakuna sharti hilo, ila kama yu hai na amevunjika, au amelala barabarani, wapigie polisi, na usimkaribie mwenyewe, kwa sababu anapiga mateke. Kisha piga picha ya gari, ya mahali na ya kibao kilicho karibu, na ijulishe kampuni ya gari siku hiyohiyo.